Kaka yangu yuko tayari kulipia upasuaji wa mgongo, lakini moyo wangu haujaridhika

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, ni fundi cherehani, nina mume na watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu mgongo wangu ndio umekuwa mazungumzo ya kila siku, na sasa umeanza kunikosanisha na watu ninaowapenda.

Maumivu yalianza zaidi ya miaka miwili iliyopita. Sikuanguka wala sikubeba kitu kizito. Niliinama kuokota kipande cha kitambaa kilichodondoka chini ya mashine, nikashindwa kuinuka. Nilidhani ni mambo ya siku chache. Yakapungua, yakarudi, yakapungua tena, hatimaye yakakaa. Yako chini kiunoni, zaidi upande wa kulia, na siku nyingine yanashuka mpaka kwenye tako, ila hayavuki goti. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko nyakati zote. Nikiamka inabidi nijigeuze ubavu kwanza, nishushe miguu, nijisukume kwa mikono, kisha nikae kwenye ukingo wa kitanda nikisubiri mgongo ulegee. Viatu vya kamba nimeacha kuvaa. Mwanangu mdogo, ana miaka minne, siku hizi hata haniombi nimbebe. Wageni wakija huwaambia, "Mama ana mgongo."

Nimefanya kila nilichoambiwa. Mwanzoni nililala kitandani karibu mwezi mzima. Nikanunuliwa mkanda wa mgongo, na mpaka leo nikiuvua naona kama nitakatika. Godoro tumeliondoa, nalala kwenye ubao uliotandikwa blanketi. Nameza diklofenaki karibu kila siku, na maumivu yakizidi naongeza ibuprofeni. Nimechuliwa mara nyingi. Niliwahi kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akanipa karatasi ya mazoezi yenye michoro, lakini kesho yake maumivu yaliongezeka, nikaogopa nisije nikaiharibu diski zaidi, nikaacha.

Mwaka huu nimepigwa picha ya MRI. Majibu yanasema diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imetokeza, na nyingine mbili zimechakaa. Niliposoma kwamba nimechakaa, na mimi bado nina mtoto wa miaka minne, nililia. Daktari aliiangalia picha akasema dawa hazitanifikisha popote, dawa yake ni upasuaji, pingili mbili zifungwe pamoja kwa skrubu. Wagonjwa wengine walikuwa wamejaa mlangoni, sikupata nafasi ya kuuliza.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki. Alipopata habari alisema gharama zote ziko juu yake, na ameshaanza kutenga fedha. Mume wangu naye anataka nikubali. Kila mara ananitolea mfano wa wifi yangu, dada yake, ambaye alipasuliwa mgongo na baada ya wiki chache akawa anatembea vizuri kabisa. Lakini rafiki yangu mmoja naye alipasuliwa, ana skrubu mgongoni, na leo anameza dawa kunishinda. Mama yangu anasema mgongo hauguswi na kisu, nitapooza.

Mimi sitaki upasuaji. Naogopa, hilo silifichi, lakini si woga peke yake; moyo haujaridhika. Shida ni kwamba kila nikisema sitaki, naulizwa, "Sasa unataka nini?" na sina jibu. Juzi mume wangu aliniambia, tena bila hasira, kwamba kama nakataa kusaidiwa basi nisilalamike tena. Sikulala usiku ule.

Je, kuna njia ya kweli ya kuishi na mgongo huu bila kisu, au najidanganya? Na kaka yangu nitamwambiaje asione kwamba sina shukrani?

Fundi Cherehani

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya mgongo, na pole ya maneno yaliyoongezeka juu ya mgongo.

Naona umebanwa pande mbili. Kuna maumivu yenyewe, ambayo yamekunyang'anya viatu vya kamba na yamemfundisha mtoto wa miaka minne asiombe kubebwa. Halafu kuna watu wanaokupenda, waliochoka kukuona ukiteseka, ambao wamepata kitu kimoja tu cha kushika, nacho ni upasuaji. Wewe ukisema hutaki kupasuliwa, wao wanasikia kwamba hutaki kupona. Ndipo linapotoka lile swali la "Sasa unataka nini?" Mimi silioni kuwa baya. Ni swali la haki, ila limekukuta huna cha kulijibia. Nitajaribu kukupa cha kulijibia. Kuamua kutabaki kwako na kwa wanaokutibu, kwa sababu mimi si daktari na picha yako sijaiona.

Kabla sijaenda mbali, kuna mambo hukuyataja ambayo lazima nikuulize. Je, umewahi kuhisi ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, yaani pale ambapo mtu hukalia? Mkojo unagoma kutoka, au unatoka bila wewe kujua? Choo kinakuponyoka? Miguu yote miwili inaishiwa nguvu, au unyayo unaburuzika ukitembea? Lolote kati ya hayo likitokea, hata usiku wa manane, unakwenda hospitali saa ileile, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyobanwa namna hiyo haisubiri mpaka kesho. Vilevile mwambie daktari kama una homa, jasho la usiku, umekonda bila sababu, umewahi kuugua saratani au unatumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye pingili za mgongo na mtu akadhani ni uchovu wa kazi. Katika barua yako sioni dalili hizo, lakini kutoziona kwenye barua hakutoshi.

Kama hayo hayapo, basi tuiangalie ile picha iliyokuliza.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za picha za mgongo zilizohusu watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Watu wazima wasiolalamika kitu, wanaoinama na kuinuka. Kwa wenye umri wa miaka 40, asilimia 68 walikuwa na diski zilizochakaa, na asilimia 50 walikuwa na diski iliyotokeza. Hata kwa wenye miaka 20, zaidi ya theluthi moja walionekana na uchakavu. Picha yako ingeweza kuwa ya mwanamke wa rika lako anayecheza ngoma mpaka alfajiri. Sisemi kwamba diski yako haihusiki kabisa na unachokisikia, huenda inahusika. Nasema picha peke yake haiwezi kuthibitisha hilo, na haikuhukumu kuwa mtu aliyekwisha. Katika watu 10 wanaougua kiuno, kwa takriban 9 hakipatikani kitu kimoja ambacho daktari anaweza kukigusa kwa kidole akasema hiki ndicho chanzo.

Sasa wifi yako na rafiki yako. Ninyi nyumbani mnawataja kana kwamba walifanyiwa kitu kimoja, mmoja akabahatika na mwingine akakosa bahati. Huenda sivyo. Kamuulize wifi yako maumivu yake yalikuwa wapi. Sitashangaa akikwambia yalikuwa ya mguu, yakishuka chini ya goti mpaka kwenye unyayo, yakichoma kama moto pamoja na ganzi. Hayo ni maumivu ya mshipa wa fahamu uliobanwa, ambayo wengi huyaita sayatika, na upasuaji wa kuondoa kipande cha diski kinachoubana mara nyingi huleta nafuu ya haraka ya mguu. Tena hata huko kuna la kusema. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kutolewa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa wa namna hiyo makundi mawili: wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakasubiri huku wakitibiwa bila kisu. Waliopasuliwa walipona haraka zaidi. Mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa yamefika karibu mahali pamoja, ingawa karibu 4 kati ya 10 katika wale waliosubiri walikuwa wameishia kupasuliwa, maana maumivu yaliwashinda. Kwa hiyo kusubiri kuliwafaa wengi, na kwa wengine hakukufaa. Diski iliyotokeza mara nyingi hunywea yenyewe kadiri miezi inavyopita.

Wewe umeniambia maumivu yako hayavuki goti, na ulichoshauriwa ni kufunga pingili kwa skrubu. Huo ni upasuaji mwingine, mkubwa zaidi. Kuna watu wanaouhitaji kweli: waliovunjika pingili, wenye pingili iliyoteleza ikabana mishipa, wenye uvimbe au maambukizi, wenye mgongo uliopinda vibaya. Kwa mtu mwenye maumivu ya kiuno tu, habari ni tofauti. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 uliwalinganisha waliofungwa pingili na waliopitia mafunzo mazito ya mazoezi pamoja na ushauri wa kisaikolojia. Baada ya miaka miwili tofauti kati yao ilikuwa ndogo, na ni waliopasuliwa ndio waliobeba hatari za upasuaji: maambukizi, kuvuja damu, mshipa kujeruhiwa, mifupa kukataa kuungana. Daktari wako anaweza kuwa ameona sababu ambayo hakupata nafasi ya kukueleza. Hiyo sababu ndiyo unayopaswa kuidai, kwa adabu lakini bila kuondoka mpaka uipate.

Mama yako naye asipuuzwe, ila asiachiwe usukani. Kupooza baada ya upasuaji wa kiuno hutokea mara chache sana. Ukikataa upasuaji, usiukatae kwa sababu hiyo, maana siku moja unaweza kuuhitaji kwelikweli halafu hofu hiyo ikakufunga mlango.

Nije kwenye sentensi yako niliyokaa nayo muda mrefu: "Nimefanya kila nilichoambiwa." Naamini umefanya. Lakini hebu yatazame tena uliyoambiwa. Lala. Jifunge mkanda. Lalia ubao. Meza dawa. Yote yanakwambia kitu kimoja, kwamba mgongo wako ni dhaifu na unatakiwa kulindwa usitumike. Umekuwa ukiulinda kwa miaka miwili, kwa uaminifu mkubwa, na kila mwezi umeweza kufanya machache kuliko mwezi uliotangulia. Mimi nina shaka kama matibabu yasiyo ya kisu umeshayajaribu. Nadhani umevumilia, na kuvumilia ni kitu kingine.

Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watu kama wewe, wenye maumivu sugu ya kiuno, yaani yaliyozidi miezi mitatu, yasiyo na ugonjwa mahususi nyuma yake. Unataja elimu ya kumsaidia mgonjwa ajihudumie, programu za mazoezi, kuchuliwa na kunyooshwa mgongo na mtaalamu, tiba ya kisaikolojia inayogusa fikra na mwenendo, na dawa za jamii ya hizo unazomeza. Mikanda ya mgongo haishauriwi kuwa tiba ya kawaida. Kuvutwa mgongo kwa mashine, vilevile. Dawa kali za jamii ya afyuni, kama tramadoli, nazo hazishauriwi, kwa hiyo akitokea mtu wa kukuongezea hiyo juu ya diklofenaki, fikiri mara mbili. Kulala kitandani wiki kwa wiki ni ushauri ulioachwa zamani. Na godoro lako, mwanangu, lirudishe! Hispania walilijaribu hili mwaka 2003 kwa watu zaidi ya 300 wenye maumivu sugu ya kiuno: waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu sana. Huo ubao unakunyima usingizi bure, na usingizi mbovu huyafanya maumivu ya kesho yawe makali zaidi.

Naomba unielewe vizuri hapa, kwa sababu wengi huumia wakilisikia jambo hili. Maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu na ubongo huzoea kuyapiga mbiu, hata pale ambapo hakuna jeraha jipya. Hofu huyaongeza. Kukosa usingizi huyaongeza. Ugomvi wa nyumbani huyaongeza. Hii haina maana kwamba unajitungia au unadeka. Maumivu yako ni ya kweli, yote. Ina maana tu kwamba kuuma na kuharibika ni mambo mawili, na kwamba siku mgongo unapouma zaidi si lazima diski iwe imetoka zaidi.

Ndiyo sababu ile karatasi ya mazoezi inanisikitisha. Ulipewa michoro, ukatumwa nyumbani, na hakuna aliyekuambia kwamba misuli iliyopumzishwa kwa muda mrefu lazima ilalamike ikiamshwa. Ulipoumia kesho yake ulifanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya akiwa peke yake. Wataalamu wengi hutumia kipimo hiki: maumivu yakipanda baada ya zoezi kisha yakashuka kwenye kiwango chako cha kawaida ndani ya siku moja hivi, endelea, yakikaa juu zaidi ya hapo, punguza kiasi, lakini usiache. Wewe unajua kitambaa kikivutwa kila siku huishia kuchanika. Misuli na mifupa haiko hivyo. Ikivutwa kwa kiasi, ikapumzishwa, ikavutwa tena, huimarika.

Chukua hilo la kuinama, ambalo ndilo lililoanzisha yote. Mtaalamu mzuri hatakukataza kuinama, atakufundisha upya. Anaweza kukukalisha kwenye kiti, miguu imetanuka kidogo, akakwambia uache mikono iteleze juu ya mapaja, ifike magotini, na uvute pumzi bila kukaza tumbo wala kushika kiuno. Basi, kwa siku hiyo imetosha. Baada ya siku kadhaa mikono inashuka kwenye mifupa ya miguu, halafu vifundoni, halafu inagusa sakafu. Baadaye unafanya ukiwa umesimama, umeegemea meza ya kukatia. Halafu bila kuegemea. Halafu unaokota kitambaa. Siku moja unaokota ndoo yenye maji kidogo. Ukiitazama kwa nje ni kazi isiyo na maana, mtu mzima anajifunza kugusa miguu yake. Lakini kila hatua mwili unapata ushahidi kwamba uliinama na hukukatika. Kumbeba mwanao kunaweza kuwekwa kwenye ratiba hiyohiyo: kwanza umpakate ukiwa umekaa, kisha usimame naye kutoka kwenye kiti kirefu.

Mkanda uuvue hivyohivyo, kwa muda mfupi kwanza, wakati wa kazi nyepesi, kisha muda uongezwe. Na usingoje siku nzuri ndipo ufanye kazi zote, maana naamini unafanya hivyo, mafundi wengi hufanya: mgongo ukitulia unashona mpaka usiku kufidia siku zilizopotea, halafu unalipa kwa siku kadhaa kitandani. Anza na kiasi ambacho una uhakika utakiweza hata siku mbaya. Kwenye cherehani, hakuna mkao mmoja mtakatifu. Kukaa mkao uleule kwa saa nyingi ndiko kunakochosha. Inuka kukata, inuka kupiga pasi, kaa tena.

Kutembea nako kusidharauliwe kwa kuwa hakuna mashine wala karatasi. Utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2024 uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea, ukiongezwa taratibu kuelekea dakika 30 mara tano kwa wiki chini ya ushauri wa mtaalamu, nusu yao walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajarudi. Wasiopewa mpango, siku 112. Wale walikuwa wameshapona na wewe hujapona, kwa hiyo usichukue hesabu hiyo kama ahadi. Ichukue kama sababu ya kuanza.

Sitakuficha ugumu wa njia hii. Ni ya polepole, inahesabiwa kwa miezi. Maumivu yatapanda siku fulani bila sababu unayoiona, na siku hiyo mtu atasema, "Unaona sasa?" Kwa wengi maumivu hayaishi kabisa, yanapungua kwa kiasi, huku uwezo wa kufanya mambo ukirudi zaidi ya yanavyopungua maumivu. Wapo ambao hata hivyo hawaridhiki. Inataka fedha pia, na muda wa kutoka kazini, na mtaalamu anayekaa na wewe akakusikiliza, si wa kukupa karatasi. Na inataka uwe macho: mguu ukianza kuishiwa nguvu, mazungumzo yanabadilika, na kung'ang'ania kukaa bila kisu kunaweza kukugharimu.

Upasuaji nao una upande wake mzuri usiopaswa kuubeza. Una tarehe. Una mtu mwingine anayeifanya kazi. Kwa mtu aliyechoka, hilo ni kubwa. Swali ni kama tatizo lako ni lile linalotibika kwa kisu hicho. Ukirudi kwa daktari, au ukienda kwa bingwa mwingine, jambo ambalo ni haki yako na madaktari wengi hawalioni kuwa tusi, nenda na maswali yameandikwa. Unataka kufunga pingili hizi kwa sababu gani hasa? Kuna mshipa uliobanwa? Unatarajia nitaweza kufanya nini baada ya mwaka ambacho siwezi leo? Wagonjwa kama mimi, wangapi hurudi na maumivu yaleyale? Nini kitatokea nikichukua miezi kadhaa ya mazoezi yanayosimamiwa kwanza? Hilo la mwisho lisikilize kwa makini. Akikujibu kwamba hakuna kitakachoharibika, umepata muda. Akikujibu kwamba kuna hatari, akakueleza ni ipi, umepata sababu uliyokuwa unaikosa, na huenda moyo ukaridhika.

Nenda na mume wako. Maneno yake ya kwamba usilalamike tena yalikuchoma, nami nisingependa kuambiwa hivyo. Lakini hebu jiulize kama alikuwa anakufungia mlango, au alikuwa mtu asiye na la kufanya anayetafuta la kufanya. Umeshawahi kumweleza kwamba unaogopa kuinama? Kwamba ukivua mkanda unahisi utakatika? Huenda anajua tu kwamba unaumwa na kwamba hutaki upasuaji, na yaliyo katikati hayajui. Akikaa kwenye kile chumba na kumsikia daktari mwenyewe, hutakuwa tena na kazi ya kumshawishi.

Kaka yako aliyewalea hawezi kuambiwa "sitaki" kwa simu. Mwendee, au mwombe aje, umwambie yote hayo uso kwa uso. Mwambie, "Kaka, msaada wako nimeupokea. Naomba sehemu yake ianze kwa daktari wa pili na mtaalamu wa viungo, nyingine ikae. Tukifika mwezi fulani tukae tena tuangalie." Mtajie mwezi, ili aone kwamba una mpango. Anaweza kukubali. Anaweza pia kukasirika kidogo, kwa sababu ametenga fedha akiamini anakuokoa. Mpe nafasi ya kukasirika bila wewe kubadili uamuzi siku hiyohiyo, iwe ni uamuzi wa kukataa au wa kukubali. Na ikitokea baada ya kusikiliza wote ukaona heri kupasuliwa, mazoezi utakayokuwa umefanya hayatapotea, kwa kuwa baada ya upasuaji utarudishwa kwenye hayohayo.

Liko jambo moja ambalo halingoji kaka wala daktari wa pili. Diklofenaki na ibuprofeni ni za jamii moja. Kuzimeza pamoja hakukupi nafuu maradufu, kunakuongezea hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa damu, na zikitumika kwa muda mrefu huweza kuumiza figo, kupandisha shinikizo la damu na kuusumbua moyo. Wiki hii nenda kapimwe shinikizo na figo, mweleze daktari umezitumia kwa muda gani na kiasi gani, na umuulize kama kuna ambayo unaweza kuibakiza, kwa dozi ndogo na kwa siku zilizo mbaya tu. Ukiona choo cheusi kama lami, usingoje hata hiyo miadi.

Mama Mshauri